Mizunguko 360 kwa Maili

Tarehe 8 Mei 1847, kando ya Mto Platte katika nyika za Amerika Kaskazini, karani mmoja mzaliwa wa Uingereza, William Clayton, alishinda akihesabu gurudumu. Lilikuwa gurudumu moja tu, la gari la mwenzake Heber C. Kimball, na kila lilipomaliza mzunguko aliongeza moja. Siku hiyo nyati walikuwa wengi hata nyika ikaonekana nyeusi kwenye kingo zote mbili za mto, na Clayton hakuacha kuwataja katika shajara yake. Lakini hesabu haikukatika. Kambi ilipopigwa jioni, alikuwa amefika 4,070.

Sababu yake ilikuwa ubishi wa kila jioni. Msafara wa Wamormoni ulioongozwa na Brigham Young ulikuwa na watu 148 na magari zaidi ya 70. Ulitoka Winter Quarters, kwenye Mto Missouri, ukitafuta mahali pa kuishi baada ya waumini hao kufukuzwa Illinois. Hakuna aliyejua kwa hakika wamekwenda umbali gani kwa siku. Kila mtu alikadiria, na makadirio yalikua kadiri miguu ilivyochoka. Aliyewahi kuuliza njia kijijini akaambiwa "ni hapo mbele tu", kisha akatembea mpaka kivuli kikageuka, anaijua shida hii: mwenyeji huifupisha njia, mgeni huirefusha, na wote wawili husema kwa moyo safi. Clayton ndiye aliyekuwa akiweka kumbukumbu za safari, naye aliamini kwamba maili za wenzake zimezidi.

Kabla ya kuanza kuhesabu alipima ukingo wa gurudumu. Akapata futi 14 na inchi 8. Zidisha mara 360 na utapata futi 5,280, ambazo ni maili moja kamili, bila inchi kubaki wala kupungua. Fundi aliyelichonga gurudumu hilo hakuwa na habari ya jambo hilo, lakini ni kana kwamba alilitengeneza kwa ajili ya kazi hiyo. Mizunguko 4,070 ikawa maili 11 na robo, na mizunguko 20 juu yake. Kambini wengine walikuwa wamesema 13, wengine 14.

Hebu tuikaribie kazi yenyewe. Gari lililosheheni mizigo, likienda kama maili mbili kwa saa, huchukua takriban sekunde 5 kuzungusha gurudumu la ukubwa ule mara moja. Wasimulizi wa baadaye hutaja kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye spoki ili jicho lipate pa kushika: kitambaa kikigusa chini, moja, kikizunguka na kugusa tena, mbili. Sekunde 5 zinatosha mawazo kuhama, ila hazitoshi kuzungumza na mtu. Mhesabuji akiitwa jina, akikwaa, au akigeuka kumtazama mnyama, namba imepotea. Na kesho yake kazi inaanza upya, na kesho kutwa vilevile.

Clayton alikuwa tayari amependekeza kwamba mbao na gia zifanye kazi hiyo badala ya mtu. Tarehe 10 Mei Brigham Young alimwomba Orson Pratt, mtu wa hisabati na nyota katika msafara, afikirie namna. Pratt alieleza mpango wake kwa maneno machache yanayoeleweka hata leo. Gurudumu la gari lizungushe mti wenye parafujo, kwa namna ambayo mizunguko sita ya gurudumu itoe mzunguko mmoja wa parafujo. Parafujo isukume gia yenye meno 60, jino moja kila inapozunguka. Sita mara 60 ni 360. Kwa hiyo gia ile ikimaliza mzunguko, gari limekwenda maili moja. Gia hiyo nayo ibebe parafujo ya pili, isukume gia nyingine ya meno 30, na kila jino la hapo liwe maili. Ukiandika namba kwenye meno, unasoma safari ya siku nzima kwa kutupa jicho. Hata sehemu ya kumi ya maili inaonekana, kwa kuweka alama kwenye kila jino la sita la ile gia ya kwanza.

Aliyechonga mtambo huo ni seremala Appleton Harmon, kwa mbao, safarini, kwa zana zilizokuwamo kwenye magari. Siku mbili baadaye sehemu ya kwanza ilikuwa imefungwa, na Clayton akaandika kwa faraja kwamba sasa atahesabu maili tu. Kufikia tarehe 16 kazi ilikuwa imekamilika. Shajara hiyohiyo ina pia uchungu wa kibinadamu. Clayton alisikia kwamba Harmon anawafanya watu waamini kuwa uvumbuzi ni wake mwenyewe, naye akaandika wazi kwamba Harmon hakujua lolote juu ya jambo hilo mpaka yeye alipomweleza. Wazo la Clayton, hesabu za Pratt, mikono ya Harmon: ni vigumu kumnyima mmoja wao sehemu yake, na aliyezibeba siku za mwanzo kwa macho yake mawili anasameheka kwa kukasirika.

Hata hivyo, wazo lenyewe lilikuwa na umri wa karibu miaka 1,900. Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyemwandikia Kaisari Augusto kitabu cha ujenzi, alieleza katika sehemu ya kumi ya kitabu hicho mtambo wa kufunga kwenye gari. Gurudumu la gari liwe na kipenyo cha futi 4. Kwenye kitovu chake kifungwe ngoma yenye jino moja tu lililochomoza. Juu yake kuwe na ngoma nyingine yenye meno 400. Gurudumu likizunguka mara moja, jino lile moja linasukuma jino moja la ngoma ya pili. Mizunguko 400 ikitimia, ngoma ya pili nayo imemaliza mzunguko wake, na jino lililo ubavuni mwake linasogeza ngoma ya tatu iliyolala, yenye matundu. Ndani ya kila tundu mna kijiwe. Tundu likifika juu ya mdomo wa mfereji, kijiwe kinaporomoka ndani ya chombo cha shaba. Kinalia. Abiria hana haja ya kutazama kitu; husikia mlio mmoja kwa kila maili, na mwisho wa safari huhesabu vijiwe.

Maili ya Kirumi ilikuwa hatua elfu moja, yaani futi 5,000, kama mita 1,480 za leo. Elfu kwa Kilatini ni mille, na kutoka hapo likazaliwa neno lililopita katika Kiingereza hadi likafika kwetu kama maili. Msafiri anayeshuka Maili Moja pale Kibaha, au Mailisita karibu na Moshi, anataja bila kujua hatua za askari wa Roma.

Hesabu ya Vitruvius ina kasoro ndogo inayopendeza kuifuatilia. Yeye alichukua mzingo wa gurudumu lake kuwa futi 12 na nusu, na 12 na nusu mara 400 ni 5,000 kamili. Lakini gurudumu la kipenyo cha futi 4 lina mzingo unaozidi hapo kidogo, kama futi 12.57. Kwa mizunguko 400 ziada hiyo inafika futi 26: kila kijiwe kingedondoka mita saba au nane baada ya jiwe la maili. Kwa safari ya maili 100 gari lingekuwa limekosea nusu maili. Si kosa kubwa. Ila linaonyesha ni kwa nini Clayton alifanya busara kupima ukingo wenyewe, badala ya kupima kipenyo na kuacha hesabu ifanye kazi iliyobaki.

Huko China kosa hilohilo lilikuwa kubwa zaidi. Historia rasmi ya enzi ya Song inaeleza gari la kupima li, kipimo cha umbali cha Kichina, ambalo Lu Daolong aliliwasilisha mwaka 1027. Magurudumu yana kipenyo cha futi 6 za Kichina, na mzingo unatajwa kuwa futi 18, kana kwamba mzingo ni mara tatu tu ya kipenyo. Ndani yake gia ya meno 18 inazungusha gia ya meno 54. Gia ndogo ya meno 3 inazungusha nyingine ya meno 100. Na hapo gurudumu limezunguka mara 100, hatua 300, li moja. Gia ya meno 10 ikizungusha ya mwisho yenye meno 100, zinapatikana li 10. Juu ya gari wamesimama watu wa mbao. Li moja ikitimia, mmoja anapiga ngoma. Zikitimia 10, mwingine anapiga kengele. Kama kweli kipenyo kilikuwa futi 6 kamili, kila li ingezidi kwa futi 85 katika 1,800. Lakini gari hilo lilikuwa la msafara wa mfalme, na wananchi waliosimama kando ya njia walisikia kwa masikio yao mfalme akipimiwa nchi yake.

Aliyeutumia ujuzi huu kwa ujasiri kuliko wote ni tabibu. Jean Fernel, Mfaransa ambaye baadaye alikuwa daktari wa mfalme Henri wa Pili, alitaka kujua ukubwa wa dunia. Alikwenda kaskazini mwa Paris mpaka kipimo cha urefu wa jua kikamwonyesha kwamba amesogea digrii moja. Kisha akapanda gari la kurudi Paris na kuhesabu mizunguko ya gurudumu lenye mzingo wa futi 20. Ikawa 17,024. Alikisia punguzo la kona na vilima, na matokeo aliyochapisha mwaka 1528 yalikaribia mno kipimo cha leo cha kilomita 111 kwa digrii. Bahati ilimsaidia, makosa yake yalifutana yenyewe kwa yenyewe. Lakini mtu aliyethubutu kuipima dunia kwa gurudumu la gari la abiria, kwenye barabara za matope za karne ya 16, anastahili kuheshimiwa hata baada ya bahati kuondolewa.

Gurudumu linajua umbali. Muda halijui kabisa, na bila muda hakuna kasi. Warumi walilifahamu hilo. Kaisari Pertinax alipoinadi mali ya mtangulizi wake Commodus mwaka 193, miongoni mwa vitu vilivyouzwa palikuwa na magari yaliyopima njia na kuonyesha saa. Maelezo hayaendi mbali zaidi ya hapo. Anayesoma sentensi ile angetamani kuliona gari moja tu kati ya hayo, maana vitu viwili vinavyotakiwa vilikuwa vimekaa pamoja, umbali na wakati, na mwenye hesabu angeweza kugawanya kimoja kwa kingine.

Lakini kwa sehemu kubwa ya historia, kasi ya farasi haikutajwa kwa namba. Ilitajwa kwa miguu yake. Kiswahili cha pwani, ambako mnyama wa kupandwa zaidi ni punda, kina maneno yake: telki, mwendo wa hatua za haraka zisizomtikisa mpandaji, matiti, mwendo wa kudundadunda, na shoti, pale mnyama anapoachiwa akimbie atakavyo. Anayejua mnyama alikuwa kwenye telki au kwenye shoti anajua kiasi gani cha vumbi kilitimka. Sheria nazo zilitumia lugha hiyo. Mwaka 1652, New Amsterdam, mji ambao sasa ni New York, ilipiga marufuku magari kuendeshwa kwa shoti ndani ya mji, na ikaagiza waendeshaji watembee kwa miguu kando ya farasi wao. Huo ulikuwa ukomo wa mwendo usiohitaji saa wala gia. Shahidi yeyote mwenye macho angeweza kuthibitisha.

Namba zilikuja na barua. Mwaka 1784 John Palmer, mwenye majumba ya maonyesho ya Bath na Bristol nchini Uingereza, alichoka kuona barua zikibebwa polepole kuliko abiria. Tarehe 2 Agosti gari lake la majaribio lilitoka Bristol saa 10 jioni, likafika London saa 2 asubuhi iliyofuata: saa 16 kwa takriban maili 120, njia ambayo iliweza kuzichukua barua hadi saa 38. Hiyo ni wastani wa maili 7 na nusu kwa saa, pamoja na vituo vya kubadilisha farasi. Kufikia miaka ya 1830 magari ya barua yalikuwa yakienda karibu maili 10 kwa saa.

Walijuaje? Jibu limo katika vitu vitatu. Cha kwanza ni mawe ya maili, ambayo sheria za barabara za kulipia zililazimisha yasimikwe. Cha pili ni vipimo vya watu kama John Cary, ambaye mwaka 1794 alipewa na idara ya posta kazi ya kupima barabara. Wasaidizi wake walisukuma gurudumu la kupimia kwa miguu kwa maelfu ya maili, na kitabu chake cha umbali kikatoka mwaka 1798. Cha tatu kilikuwa mikononi mwa mlinzi wa barua aliyeketi nyuma ya gari: saa iliyofungwa ndani ya kasha kwa kufuli, ili mtu asiisogeze mbele kuficha uchelewaji. Kila kituo kilikuwa na dakika zake, na karatasi ya safari ilijazwa saa ya kuwasili. Tatizo moja lilihitaji akili. Wakati huo kila mji ulifuata jua lake, na Bristol ilikuwa dakika 10 nyuma ya London. Kwa hiyo saa za walinzi zilirekebishwa ziende haraka au polepole kidogo, kulingana na upande ambao gari linaelekea.

Kwa gari la maili 10 kwa saa, jiwe la maili lilipita kila baada ya dakika 6. Abiria mwenye saa mfukoni angeweza kujipimia mwenyewe: jiwe hili, jiwe lile, dakika ngapi. Mizani yote ya mwendo ilikuwa hapo, na kifaa chake kilikuwa barabara yenyewe.

Katika bara la Afrika Mashariki, njia za misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji zilipimwa kwa kitu kingine. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota, mizigo ikabebwa na mabega ya wapagazi, na umbali ukatajwa kwa siku za mwendo na vituo vya kulala. Kipimo hicho kilikuwa na hekima yake, maana kilihesabu pia maji na vilima, vitu ambavyo gurudumu halivioni.

Ng'ambo ya Atlantiki, Thomas Jefferson alikuwa mtu wa kupima kila kitu, kuanzia mvua hadi joto la asubuhi. Mwaka 1807, akiwa bado rais wa Marekani, alinunua odometa, yaani kifaa cha kupima umbali, kwa James Clarke wa Powhatan, Virginia, akaifunga kwenye gari lake. Kifaa hicho kiliigawa maili katika sehemu 10 na sehemu 100. Mwaka 1811 alimwandikia Robert Patterson, mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu cha serikali, juu ya jambo lililomfurahisha. Watu wa njiani walipenda kumwuliza umbali kamili kati ya mahali na mahali, naye alijibu kwa maili kadhaa na senti kadhaa. Wote walielewa papo hapo. Mkulima ambaye hangeweza kuwazia sehemu ya nane ya maili aliweza kuwazia senti 37 za maili, kwa sababu mfuko wake ulikwisha kumfundisha. Jefferson aliitaja habari hiyo kama ushahidi kwamba vipimo vyote vingeweza kufuata makumi. Nchi yake haikumfuata katika maili, ila katika pesa ilikuwa tayari imemfuata.

Katika karne ya 19 odometa za magari ya farasi ziliingia ndani ya gurudumu lenyewe. Zilikuwa kasha dogo la shaba lililofungwa kwenye spoki, mara nyingi ndani ya mfuko wa ngozi wenye vishikizo. Ndani ya kasha mlikuwa na uzito mzito ulioning'inia huru. Gurudumu likizunguka, kasha linapinduka pamoja nalo, lakini uzito hukataa kupinduka. Unabaki umeelekea ardhini. Tofauti hiyo kati ya kinachozunguka na kisichozunguka ndiyo iliyosukuma gia. Hakukuwa na mti wala mkanda wa kuunganisha gari na kifaa. Jioni askari alifungua mfuko, akasoma namba, akaandika.

Vifaa vya namna hiyo vilitembea na vikosi vya jeshi la Marekani vilivyochora ramani za magharibi. Vilikuwa na udhaifu ambao kila mpimaji aliujua. Kwenye mchanga gurudumu huburuzwa badala ya kuviringika. Mteremkoni, likifungwa breki, huteleza bila kuhesabu. Bati la chuma la ukingoni huisha, mzingo hupungua, na maili huongezeka bila njia kuongezeka. Mbao hunywa maji na kuvimba. Mpimaji makini alirudia kupima ukingo wa gurudumu mara kwa mara, na aliweka vifaa viwili kwenye magari mawili ili kimoja kimsahihishe mwenzake.

Na ardhi iliyopimwa haikuwa tupu. Clayton na wenzake walipita katika nchi za Wapawnee na Walakota, watu waliokuwa na njia zao, vivuko vyao na vipimo vyao vya safari. Hili halimo katika gia za Pratt, lakini limo katika matokeo yake. Safarini, Clayton alisimika mbao zenye umbali ulioandikwa, kwa kawaida kila baada ya maili 10, ili walio nyuma wajue walipo. Alipofika bonde la Ziwa la Chumvi mwezi Julai, hakuridhika. Mtambo mpya ulitengenezwa na William King, wenye uwezo wa kuhesabu hadi maili 1,000, na katika safari ya kurudi mashariki mwaka huohuo Clayton aliipima njia yote upya.

Mwaka 1848 alichapisha mjini St. Louis kijitabu cha mwongozo wa wahamiaji. Winter Quarters hadi Ziwa la Chumvi: maili 1,031. Kila kivuko, kila kilima, kila mahali penye majani ya kulisha wanyama na maji yanayonyweka pana namba mbili, umbali kutoka mahali pa nyuma na umbali kutoka mwanzo wa safari. Kwa familia iliyokuwa na ng'ombe wachovu na pipa moja la maji, tofauti kati ya maili 11 na maili 14 hadi chemchemi inayofuata ilikuwa jambo la uhai. Maelfu walikipitisha kijitabu hicho mkono kwa mkono, hata wasiokuwa Wamormoni, na kwa Walakota kila nakala ilimaanisha magari mengine yanakuja.

Mjini, swali la umbali lilikuwa swali la pesa. London ya karne ya 19 ilitoza magari ya farasi ya kukodi peni 6 kwa maili, na malipo ya chini kabisa yalikuwa shilingi moja kwa safari isiyozidi maili mbili, ndani ya duara la maili 4 kutoka Charing Cross. Bei ilikuwa wazi. Maili ndiyo iliyogombaniwa. Abiria alisema mbili, dereva akasema mbili na nusu, na wote wawili walipandisha sauti mlangoni. Edward Mogg aliuza kitabu cha nauli elfu kumi, safari hii shilingi ngapi, safari ile shilingi ngapi. Kilijulikana sana hata R. S. Surtees, katika riwaya yake Mr. Sponge's Sporting Tour ya mwaka 1853, akamfanya mhusika mkuu akisome kwa mapenzi kama mtu mwingine anavyosoma hadithi.

Kilichomaliza ugomvi ni mita. Mjerumani Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn ndiye anayetajwa kuunda mwaka 1891 mita ya nauli iliyosambaa mijini. Kilichomo ndani yake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mita za namna hii zina visukumo viwili: kimoja kutoka kwenye gurudumu la gari, kingine kutoka kwenye saa. Vyote viwili vinasukuma namba ileile ya nauli, na kinachokwenda haraka zaidi ndicho kinachoshinda. Farasi akienda matiti kwenye barabara tupu, gurudumu linahesabu. Farasi akikwama nyuma ya mkokoteni wa makaa, au abiria akiingia dukani na kumwambia dereva asubiri, saa inachukua kazi. Kuna kasi moja maalumu ambapo viwili hivyo vinalingana, na mita, bila kuitaja kwa namba, inajua kila dakika kama gari liko juu au chini ya kasi hiyo.

Kifaa hicho, taksimeta, kilizaliwa kwenye magari ya farasi, na jina lake likahamia kwenye gari zima. Mwaka 1896 Friedrich Greiner wa Stuttgart, mwenye biashara ya magari ya kukodi, aliagiza kwa Daimler gari la injini lenye mita ya nauli, akalipokea mwaka 1897. Mwaka 1907 sheria ya London nayo ikazikubali mita hizo, na madereva wa farasi waliokuwa wamebaki wakajikuta wakishindana na magari yaliyoitwa kwa jina la kifaa: teksi.

Mshale unaoonyesha kasi papo hapo, ule ulio mbele ya kila dereva wa daladala na matatu, ulikuja mwaka 1902, Otto Schulze wa Strasbourg aliposajili kifaa cha sumaku inayozunguka na kuburuta kikombe cha chuma pamoja na mshale wake. Farasi walikuwa wakiondoka barabarani. Walibaki katika viwanja vya mashindano, na huko kipimo cha zamani kiliendelea bila kubadilika: duara lililopimwa kwa uangalifu likawa maili kamili, na watu wenye saa mkononi wakasimama kwenye mstari. Mwaka 1845 farasi jike Lady Suffolk alikuwa wa kwanza kwenda maili kwa matiti chini ya dakika mbili na nusu. Tarehe 24 Agosti 1903, kwenye uwanja wa Readville, Massachusetts, farasi jike Lou Dillon alikokota kigari chepesi cha magurudumu mawili, kwa matiti, bila hata mara moja kuingia kwenye shoti. Kigari hakikuwa na gia wala mshale. Saa zilibonyezwa alipopita mstari, zikabonyezwa tena aliporudi, na zikaonyesha dakika mbili kamili: maili 30 kwa saa.